Timu Ikihama, Nani Mwingine Huhamishwa?

Safu hii aghalabu huzungumzia malezi, jiko na mambo ya nyumba, na wiki hii hatutoki humo ijapokuwa tutataja mpira. Mama mmoja wa Mombasa ametuletea suali. Asema ana wana watatu, na kila Jumamosi adhuhuri huondoka nyumbani bila yeye kujua waendako, kwa kuwa timu wanayoipenda haina uwanja wake tena. Auliza: timu ambayo uwanja wake unajengwa upya yapasa icheze wapi, na je, mtu kama yeye, asiyemjua mchezaji hata mmoja kwa jina, ana haki ya kusema neno katika jambo hilo?

Haki anayo, na pengine kuliko wanaolisemea kila siku redioni. Sisi twaandika kutoka Kiwanjani, mtaa wa Isiolo ulio ubavuni mwa uwanja wa ndege, mbali na bahari. Lakini jamaa zetu wako Mombasa, Malindi na Lamu, na habari za huko hutufikia kabla ya gazeti.

Tuanze na Mombasa yenyewe. Uwanja wa Manispaa ulifungwa na kubomolewa kati ya 2017 na 2018, wakati Hassan Joho akiwa gavana, kwa ahadi kwamba mahali pake pangeinuka uwanja mpya wa kisasa. Bandari, timu ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, ikachukua mizigo yake ikaenda Mbaraki, kwenye kiwanja kidogo cha mwajiri wake. Wengi walidhani itadhoofika. Haikudhoofika. Mwaka 2018 ilimaliza ligi kuu ikiwa ya pili nyuma ya Gor Mahia, msimu uliofuata ikawa ya pili tena, na mapema Juni 2019, Ramadhani ikiwa ukingoni, ikaifunga Kariobangi Sharks mabao 3 kwa 1 katika fainali ya kombe la Ngao. (Kombe hilo lilibeba jina la kampuni ya kamari. Hilo nalo lina siku yake katika safu hii.)

Basi, kama twapima kwa mabao peke yake, kiwanja kidogo hakikuidhuru timu. Vijana walikuwa karibu na nyumbani, mashabiki walikwenda kwa miguu au kwa matatu ya shilingi chache, na ile desturi ya baba kumshika mtoto mkono baada ya Dhuhuri wakaenda kutazama mchezo haikukatika. Wazee wetu wakumbuka kuwa Feisal, timu ya Mombasa, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, na wala haikuhitaji viti vya plastiki vya rangi ili kupata ubingwa huo.

Tatizo lilikuja kwa mlango mwingine. Kushinda Ngao kuliipa Bandari nafasi ya kushindana na timu za Afrika katika Kombe la Shirikisho, na kwa mechi za namna hiyo shirikisho la soka la Afrika lina masharti yake juu ya viti, vyumba, taa na usalama. Mbaraki haikuyatimiza. Timu ya Mombasa ikawa inawakaribisha wageni wake Kasarani, Nairobi, umbali unaokaribia kilomita 500 kutoka kwao.

Hapa ndipo suali la mama yetu lapata uzito. Mwaka huo nauli ya treni ya SGR katika daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Baba, mama na watoto wawili wangetumia 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, jumla 6,000, kabla ya kula, kabla ya gari la kutoka stesheni hadi Kasarani, na kabla ya kutafuta pa kulala. Tangu Januari 2024 nauli imepanda ikawa 1,500, na hesabu ileile ni 9,000. Nyumba gani ya kawaida Kisauni au Changamwe itatoa fedha hizo kwa dakika 90 za mchezo?

Jawabu ni kwamba nyumba haitoi. Huenda kijana mmoja, kwa kuchanga na wenzake, wakapanda basi la usiku. Mama hajui amefika saa ngapi, amelala kwa nani, wala amekula nini. Watoto hubaki na simu ya jirani au ukumbi wa kulipia, na wasichana hubaki bila chochote, maana ukumbi ule si mahali pa binti wa miaka 12. Timu ikienda mbali, wa kwanza kuachwa si shabiki sugu. Yeye atafika hata kwa lori. Wanaoachwa ni familia, na mchezo uliokuwa wa mtaa mzima huwa wa vijana wa kiume peke yao. Kisha twashangaa mbona viwanjani kuna matusi.

Si timu za mitaa tu zilizopatwa na haya. Kasarani na Nyayo zilipofungwa ili zitengenezwe kwa mashindano ya CHAN, Harambee Stars ilikwenda kucheza mechi zake za "nyumbani" Lilongwe, Malawi, mwezi Juni 2024, na mwezi Septemba ikacheza na Zimbabwe Kampala, katika uwanja wa Namboole. Waganda nao walikuwa wameyaonja hayohayo mwaka mmoja kabla: Machi 2023 waliwakaribisha Tanzania katika mji wa Ismailia, Misri, kwa kuwa Namboole ilikuwa bado haijakuwa tayari. Mtu na jirani yake wakasafiri hadi Misri ili mmoja amwambie mwenzake karibu nyumbani. Tungecheka kama si fedha ya umma iliyotumika.

Watu wa pwani, hata hivyo, wana mfano ulio bora, nao ni wa mwaka 2025. Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, na uwanja wa Benjamin Mkapa ukaonekana haufai kwa mechi ya marudiano. Simba hawakupenda kuondolewa kwao, nao walilisema hilo waziwazi. Lakini walikopelekwa ni Unguja, kwenye Uwanja wa Amaan, safari ya boti ya kiasi cha saa mbili. Tarehe 25 Mei walitoka sare ya bao 1 kwa 1 na RS Berkane ya Morocco, na kwa kuwa walikuwa wamefungwa 2 kwa 0 ugenini, kombe likaenda kwa wageni. Kombe walilikosa, lakini hawakuwa ugenini. Waliokaa majukwaani ni watu wa lugha yao, na kwa saa mbili za boti mtu wa Kariakoo angeweza kuwa miongoni mwao.

Twautaja Amaan kwa sababu nyingine pia. Uwanja huo ulikuwapo tangu 1970. Ulifungwa ukatengenezwa upya, ukafunguliwa Desemba 2023, na mwaka 2025 ulikuwa miongoni mwa viwanja vya CHAN. Kwa upande wa Kenya, mechi zote za mashindano hayo zilichezwa Nairobi. Pwani ya Kenya haikupata hata moja. Tofauti baina ya Unguja na Mombasa haiko katika mapenzi ya mpira, maana hayo Mombasa inayo tele. Iko katika kumaliza kilichoanzwa.

Hata huko ng'ambo jambo hili si jepesi. Tottenham ya London ilihamia Wembley mwaka 2017 wakati uwanja wake ukijengwa, ikarudi kwao Aprili 2019. Barcelona ilipanda kwenye kilima cha Montjuïc mwaka 2023 na ikakaa huko muda mrefu kuliko ilivyotangazwa. Lakini hao walihama ndani ya mji wao wenyewe. Shabiki alibadilisha treni tu.

Sasa turudi Kiwanjani, maana yapo tunayoyajua ambayo labda msomaji wa Mombasa hayaoni vizuri akiwa karibu nayo.

Neno "kiwanja" kwetu lina maana tatu, na zote zimetugusa. Ni mahali pa mchezo, ni kipande cha ardhi cha kujengea nyumba, na ni uwanja wa ndege. Ili uwanja wa ndege wa Isiolo upanuliwe, familia za mtaa huu na mitaa ya jirani zilihamishwa, na ziliambiwa zitapata viwanja vya badala. Uwanja wa ndege ulifunguliwa 2017, mwaka uleule ambao Mombasa ilikuwa yajiandaa kuubomoa wa kwake. Wako waliongoja viwanja vyao vya badala mwaka baada ya mwaka, wakifuata karatasi kutoka ofisi hii hadi ile. Kwa hiyo mtu wa Kiwanjani akisikia maneno "kwa muda tu", huuliza mara moja: muda gani, umeandikwa wapi, na nani ametia sahihi?

Suali hilo ndilo ambalo tungependa kila jumuiya iulize kabla ya tingatinga la kwanza kuingia uwanjani. Timu icheze wapi ni suali la pili. La kwanza ni je, fedha ya kujenga ipo mkononi au iko kwenye hotuba? Uwanja waweza kujengwa upande mmoja, watu wakaketi upande wa pili. Ni polepole, tena hakuna picha nzuri ya kukata utepe, lakini mchezo hausimami wala mji haubaki na gofu katikati yake. Kubomoa chote kwa siku moja ni kazi rahisi mno, na pengine ndiyo sababu hupendwa.

Jambo la pili tunalolijua ni hili. Timu kubwa ikihamia kiwanja kidogo, kile kidogo hakikuwa kitupu. Kulikuwa na watu.

Hapa kwetu twaliona kila msimu. Timu ya wakubwa ikikosa pa kuchezea huja kwenye kiwanja cha shule au cha mtaa. Jumamosi ya kwanza huja kwa adabu, wakaomba. Jumamosi ya tatu wanakuja na chokaa na kamba. Wavulana wadogo waliokuwa wakicheza hapo asubuhi husogezwa hadi mchana wa jua kali. Wale wa mchana husogezwa barabarani, baina ya bodaboda. Wanafunzi wa madrasa waliokuwa na siku yao ya michezo baada ya mwisho wa muhula huambiwa wangoje. Na wasichana, ambao walipewa kile kiwanja saa moja tu kwa wiki, tena baada ya maneno mengi ya wazazi na walimu, hupoteza hata hiyo saa moja, wala hakuna atakayekumbuka kuwaomba radhi, kwa sababu kuwapo kwao hakukuandikwa popote.

Tusidharau hiyo saa moja. Kwa jirani zetu wa Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan na shirika lake la HODI wametumia mpira kwa miaka mingi kuwakusanya vijana wa makabila yaliyokuwa yakipigana, na tangu 2008 wakawaingiza wasichana, kwa mavazi ya stara, ili wapate mahali pa kuzungumzia ndoa za utotoni na ukeketaji. Wapo waliopinga mwanzoni, wakiwamo wazee wenye heshima. Hijabu yenyewe iliruhusiwa rasmi na wasimamizi wa sheria za mpira duniani mwaka 2014 tu. Msichana aliyepata kiwanja kwa shida yote hiyo akiondolewa mara moja, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Kisha kuna sala ya Idd. Miji yetu mingi husali Idd kwenye viwanja vya wazi, na akina mama hupata nafasi yao huko kuliko msikitini. Kiwanja kikishazungushiwa mabati na kufungwa kufuli ya timu, ni nani mwenye ufunguo asubuhi ya Idd? Si suali la mzaha. Twajua mitaa ambayo mwenye ufunguo alikuwa amesafiri.

Na kuna biashara. Nje ya kila uwanja kuna mama mwenye karai la viazi, mwenye bhajia, mwenye madafu, mwenye mabuyu ya watoto. Kwetu Isiolo huwa ni sambusa na chai ya maziwa kwenye chupa kubwa. Timu ikihama, meza hizo hazihami nayo. Kule iendako kuna wenyewe, na walinzi wa lango jipya hawamjui mama huyu. Kaunti ikipanga ujenzi huhesabu nondo na saruji, na ni nadra sana kusikia imehesabu karai.

Kwa hiyo, mama yetu wa Mombasa, rai yetu ni hii, nasi twaitoa bila kusitasita: timu na ikae karibu. Bandari kukaa Mbaraki kulikuwa sawa, na ingekuwa kosa kuipeleka mji mwingine kwa mechi za ligi ili tu wapatikane watazamaji wengi zaidi. Fedha ambayo ingeliwa na mabasi na hoteli msimu mzima na iingie kwenye kile kiwanja kidogo: ukuta, vyoo vya wanawake vyenye mlango unaofungika, maji ya kutawadhia, na sehemu ya kuketi familia iliyo mbali na wale wanaotafuna miraa. Matengenezo hayo hayapotei timu ikirudi kwake. Hubaki kuwa mali ya mtaa, ilhali nauli ikishalipwa imekwenda.

Zile mechi chache za Afrika, ambazo kiwanja kidogo hakiwezi kuzipokea, hazina njia nyingine ila safari. Hapo twakubali. Lakini safari nayo ina namna. Isiolo kwetu, vijana wakitaka kuona uwanja mkubwa hupanda Meru, kiasi cha kilomita 50, kwenye Uwanja wa Kinoru, uliotengenezwa upya kwa ajili ya CHAN ya 2018 ambayo Kenya ilipokonywa Septemba 2017 kwa kutokuwa tayari, yakapelekwa Morocco. (Mashindano yaliondoka, uwanja ukabaki, angalau Meru ilipata kitu.) Wazazi wa hapa tulijifunza kupanga: gari moja linalojulikana, mtu mzima mmoja kwa kila vijana kumi, nguo za baridi kwa kuwa Meru si Isiolo, na mahali pa kusali Maghribi pamekubaliwa kabla ya kuondoka, si kutafutwa gizani njiani. Haikugharimu sana. Ilihitaji tu mtu mmoja kuliandika kwenye karatasi na kulisoma mbele ya wazazi.

Kuhusu saa za mchezo, hapa tutawaudhi baadhi ya watu. Mechi ya saa tisa alasiri huisha kabla ya saa kumi na moja, na mtu husali Alasiri na kufika nyumbani kabla ya Maghribi. Mechi ya saa kumi huisha karibu na saa kumi na mbili. Kwa siku za kawaida yavumilika, lakini Ramadhani maana yake ni kwamba nyumba nzima ya wanaume iko uwanjani wakati mama peke yake anapepeta, anakaanga, anapakua, na mwana anaingia adhana ikilia, mikono mitupu. Wenye timu hupanga saa kwa kumtazama mwenye televisheni. Katika kiwanja cha mtaa, ambako televisheni haifiki, hakuna sababu ya kutowatazama wenye mtaa.

Na wale waliokuwa kwenye kile kiwanja kabla ya timu kuja? Saa zao ziandikwe kwanza, ndipo timu ipewe zinazobaki. Asubuhi za Jumamosi za watoto, ile saa ya wasichana, siku mbili za Idd, siku ya michezo ya madrasa. Karatasi hiyo ibandikwe langoni, nakala iwe kwa mwalimu mkuu, kwa imamu na kwa mama mmoja wa mtaa ambaye hasafiri ovyo. Iandikwe pia tarehe ya timu kuondoka. Tarehe ikipita bila uwanja mpya kuwa tayari, timu irudi kuomba upya, kama ilivyoomba Jumamosi ile ya kwanza, ikiwa na adabu zake.

Tungependa kusikia kutoka kwenu mnaoishi karibu na viwanja hivi, Mbaraki, Amaan, Malindi au kwingineko. Tuandikieni: lango la akina mama liko upande gani, maji yapo au hayapo, na wasichana wana siku yao au wamenyang'anywa. Majibu yenu tutayachapisha hapa, inshallah, baada ya wiki mbili.